Kilemba Changu Kwenye Mashine ya Maji

Aibu yangu naijua, na watu wa Temeke wanaijua zaidi, maana mpaka leo nikipita wapo wanaoniuliza kilemba kiko wapi, basi heri niisimulie mwenyewe ilivyokuwa, tena bila kuomba radhi kwa sehemu ambayo sikukosa.

Enzi zile za Mwingereza nilikuwa mwadhini wa msikiti wetu, na pia nilikabidhiwa ufunguo wa kibanda cha mashine iliyovuta maji kisimani na kuyapeleka kwenye mabomba ya mtaa na birika la kutawadhia (kazi mbili, mtu mmoja, alhamdulillahi). Mashine ile ilikuwa na swichi ya usalama yenye kipini kidogo ubavuni: presha ya maji ikishuka, kipini kinaanguka na umeme unakatika, ili mashine isizunguke kavu ikaungua. Sasa unapoiwasha presha bado hakuna, kwa hiyo lazima ukiinue kipini kwa mkono na kukishikilia mpaka maji yajae, ndipo ukiachie, nacho kitasimama chenyewe. Mimi muda niliupima kwa Kul-huwallahu: nikisoma mara kumi, mshale wa presha umepanda.

Ijumaa moja ya kiangazi, kisima kimepungua, nilisoma mara kumi, nikasoma thelathini, mshale unatetemeka tu, mkono umekufa ganzi, adhuhuri imekaribia na watu wanakuja kutawadha. Nikavua kilemba changu cheupe, nikabaki na kofia, nikakitumia kukifunga kipini kwenye bomba kikabaki juu, nikajiambia naadhini mara moja nirudi.

Nilipomaliza kuadhini, khatibu alikuwa keshafika, na kwa desturi yetu mwadhini ndiye anayemkabidhi fimbo ya mimbari, nikamkabidhi, akapanda, nikaadhini tena, nikaketi safu ya mbele, hotuba ikaanza. Haukupita muda nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Na hotuba ikishaanza, mnajua, hakuna kusema neno. Nikakohoa. Msikiti mzima ukanusa, watu wakatazamana, macho yakaja kwenye kofia yangu isiyo na kilemba, na hakuna aliyefungua mdomo. Nami kuruka mabega ya watu safu kumi nikaona ni utovu wa adabu, nikaketi pale pale nikiiombea mashine. (Baadaye khatibu aliniambia sheria ingeniruhusu kutoka kuokoa mali ya watu. Nilimshukuru, ingawa alichelewa.)

Tulipotoa salamu tulitoka wote pamoja. Moshi kibandani, mabomba makavu, akina mama wamepanga madebe yao wananitazama. Kisima kilikuwa kimeishiwa maji, na kipini kilichopaswa kuanguka kilikuwa bado juu, kimefungwa kwa kilemba changu kilicholowa oili. Mzee Feruzi, jirani yangu ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akaizunguka mashine taratibu, akasema, "Shehe, umeivisha kilemba. Ijumaa ijayo tuswali nyuma yake?"

Walicheka mpaka khatibu.

Kicheko nilikivumilia. Lakini kesho yake, kisima kikiwa kimerudisha maji kidogo usiku, Bwana wa maji, Mwingereza, alikuja na fundi, mpira wa mashine ulioungua ukabadilishwa, kisha akaninyooshea kiganja mbele ya umati: nimpe ufunguo, utakaa mjini kwa mtu wake, naye atakuja kuwasha akipata nafasi, na kuanzia leo ni marufuku kugusa kile kipini. Nilijua maana yake. Akina mama wangerudi kuchota maji ya tope bondeni, siku tatu kwa wiki au nne, kwa ajili ya kilemba changu.

Nikampa ufunguo. "Niliyekifunga ni mimi, Bwana, na kukiacha nilikosa," nikamwambia. "Lakini kukishika sikukosa. Iwashe wewe bila kukigusa."

Akawasha. Ikagoma. Akawasha tena, ikagoma. Ya tatu ilipogoma, Mzee Feruzi akauliza, kwa upole kabisa, kama labda inataka kilemba. Bwana akawa mwekundu shingo nzima, akakishika kipini kwa mkono wake mwenyewe, nami nikasimama pembeni nikasoma Kul-huwallahu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akina mama wakihesabu nami, hata tulipofika ishirini na mbili mshale ukapanda na bomba la nje likaanza kukohoa maji. Akautundika ufunguo kwenye msumari wake mle kibandani, akapanda gari bila kuaga.

Tangu siku ile sikukifunga kipini tena hata kwa uzi. Nilikishika mwenyewe mpaka mshale upande, na adhana ikinikuta humo, aliadhini mwingine. Kilemba nilikifua kwa sabuni na ndimu, doa la oili likakataa kutoka. Nakivaa hivyo hivyo kila Ijumaa, na doa nalielekeza mbele, ili anayetaka kuuliza asipate taabu ya kulitafuta.