Mwalimu Alikaa na Watazamaji

Usiku ule nililala nimenuna. Mwalimu Kirenga, aliyeongoza kundi letu la watu wanne wa fidla, viola na selo kwa miaka ishirini na miwili, tulikuwa tumemzika mwezi uliopita. Wenzangu walitaka mimi, fidla ya pili, nikalie kiti chake twende ziara ya Kigali na Kampala. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kukataa. Nani angethubutu?

Mara tuko jukwaani. Ni ule ukumbi wa Ulaya wenye baridi, tulikopigiwa makofi mpaka Sadiki wa selo akasahau Kijerumani chake chote, yaani maneno mawili. Lakini milango ni ya ukumbi wa kanisa kule Moshi, tulikoanzia. Nimekaa kiti cha Mwalimu. Changu kakikalia Neema, mwanafunzi wake. Sadiki na Bi Tausi wa viola wameinua pinde zao, wanangoja.

Sisi hatuhesabu moja, mbili, tatu. Anayeongoza huvuta pumzi puani, wenzake wakaisikia, wakaanza naye. Nami nangoja pumzi ya Mwalimu. Namtafuta, namwona chini, safu ya mbele, kavaa koti lake la ziara, mikono mitupu magotini.

"Mwalimu, tuanzishie," namwambia.

"Nimekuja kusikiliza, mwanangu. Tangu niliunde kundi hili sijawahi kukaa huku nikalisikia."

Nikavuta pumzi. Tukaingia wote wanne pamoja. Ukumbi ukawa behewa la treni ya Kigoma, abiria kimya na vikapu vyao. Ukawa ukumbi tena. Watu wa kila mji tuliopita walikuwamo, na nilijivunia sisi, nasema wazi. Tulipomaliza, Mwalimu alikuwa amesimama, machozi yanamtoka, yule mzee ambaye sifa yake kubwa kwetu ilikuwa "si haba."

"Kumbe ndivyo mlivyo!" akasema. "Waambie wenzako."

Nikaamka. Alfajiri hiyohiyo nikampigia Sadiki.

"Nani kafa tena?" akauliza.

"Hakuna. Mwalimu kaja kutusikiliza."

Akauliza upesi: "Kasemaje?"

Nikamwambia. Akalia, nami nikamwacha alie. Alipotulia nikamwambia mazoezi ni saa nne, na asichelewe, maana sasa naongoza mimi.