Maziwa Si Chakula

Kwetu milimani maziwa hayahesabiwi kuwa chakula. Mtu anaweza kumaliza kikombe kizima, akafuta mdomo, akakuambia hajatia kitu tumboni tangu jana, na wala hadanganyi. Chakula ni ugali, ni makande, ni viazi. Mimi nimezaliwa Kwai, kwa mama mwenye ng'ombe, na jambo hilo sikuwahi kulifikiria mpaka liliponitoa jasho mbele ya daktari.

Ugonjwa wangu niliuanza kwa dharau. Mimi ni fundi seremala hapa Lushoto mjini, na seremala asiyejikata hayupo. Ila safari hiyo kibanzi kilinichoma kidole asubuhi, na mchana damu ilikuwa bado inatoka. Halafu miguu ikajaa madoa ya zambarau kama ya mtu aliyepigwa. Wenzangu pale karakana waliniuliza kama mke wangu siku hizi anatumia mwiko au mchi. Nilicheka nao. Baada ya wiki chache nikawa siwezi kupanda kilima cha nyumbani bila kukaa njiani, na hapo nikaacha kucheka.

Damu ilipimwa, ikapimwa tena, kwa sababu mtu wa maabara hakuamini alichokiona. Nikapelekwa hospitali kubwa, mbali na milima yetu, wakanichoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga ili wachukue uboho. Daktari, mwanamke niliyempita umri, alinieleza bila kuzunguka. Uboho ndio unaotengeneza damu, na wangu ulikuwa karibu umeacha kazi. Chembe nyekundu zilikuwa chache, nyeupe chache, na zile za kugandisha damu ndiyo kabisa. Nilikuwa namsikia huku natazama mikono yangu, mikono ya kazi, yenye sugu, na ndani yake hamna damu ya kutosha. Nilipigwa na butwaa hata nikamuuliza kama Jumatatu naweza kurudi kazini.

Wakanianzishia dawa, nikaruhusiwa kurudi nazo Lushoto. Kulikuwa na za kutuliza kinga ya mwili, maana kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa inaushambulia uboho, na kulikuwa na kidonge kimoja cha kuuamsha. Hicho, nesi aliniambia, kimeze tumbo likiwa tupu, usile kitu. Nikalishika agizo lake kama amri ya jeshi. Kila asubuhi sikula kitu. Nilimeza kidonge changu kwa maziwa.

Maziwa yalitoka kwa mama. Aliposikia mwanawe hana damu, aliacha kupeleka maziwa ya asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia. Alikamua mapema, akayachemsha, akampa mtu wa bodaboda ili yanifikie yakiwa bado ya moto. "Dawa kali haimezwi na maji matupu," aliniambia kwenye simu. "Itakuunguza tumbo." Kwetu hakuna ambaye angebisha.

Miezi ikapita. Nilikuwa naishi kwa damu za watu: shemeji yangu, wazee wa usharika, hata yule fundi wa utani wa mwiko. Naongezewa, napata rangi, halafu napauka tena. Siku moja daktari akasema huenda kidonge kile hakinifai, na kwamba tukikiacha, zilizobaki za kujaribu si nyingi. Nilimwelewa vizuri sana. Kabla hajaandika chochote akaniambia, "Baba, hebu nieleze asubuhi yako tangu unapoamka."

Nikamweleza. Naamka, nasali, nanawa uso, nachukua kidonge, nameza kwa maziwa.

Akaweka kalamu chini. "Maziwa?"

"Ya ng'ombe wa nyumbani, daktari. Lakini sili kitu. Chai nakunywa baadaye sana."

Alinieleza taratibu. Madini yale yale ya kwenye maziwa yanayokaza mifupa ya mtoto hukishika kidonge hiki tumboni, kikatoka na uchafu kabla hakijafika kwenye damu.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimeza bure?"

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Sijawahi kushtuka vile, hata siku niliyoambiwa ugonjwa wenyewe. Nilimkasirikia nesi, nikamkasirikia daktari kwa kutoniuliza mapema, nikamkasirikia hadi ng'ombe. Wa mwisho kumfikiria alikuwa mama, na nilipomfikiria hasira yote iliniisha, ikabaki hofu ya kumwambia.

Mke wangu alisema tusimwambie. Maziwa yaendelee kuja, watoto wanywe, mimi nimeze kwa maji. Niliona ni busara. Na kweli, taratibu damu ikaanza kupanda, madoa yakafutika. Mama akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya mwanawe kwa dawa za hospitali na maziwa ya ng'ombe wake. Kina mama wakapiga vigelegele, mimi nikiwa benchi la nyuma nimeinama.

Halafu akaja kukaa nasi, ili asimamie mwenyewe. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mezani amesimama, mkono mmoja kikombe, mwingine kidonge. Hata shikamoo yangu aliiitikia kwa haraka.

"Meza nikuone," alisema.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga maneno. Yalitoka yote, daktari, madini, miezi iliyopotea. Mama akakaa. Alianza kwa Kishambaa chetu, akakatisha, akahamia Kiswahili kana kwamba anazungumza na mtu wa ofisini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya ushuhuda, mama."

"Ukanyamaza."

"Sikutaka uumie."

Alininyooshea kikombe. "Kama leo usingethubutu kuniambia, nami nimekushikia kikombe hivi, ungekunywa?"

Nilifungua mdomo niseme hapana, na hapana haikuja. Niliitafuta kwa uaminifu, mimi mtu mzima mwenye watoto, niliyejua kabisa kikombe kile kinanifanya nini. Nikashtuka kuona kwamba ningekipokea kwa mikono miwili.

"Ningekunywa, mama," nilisema.