Kuku wa Bibi Bila Wali

Hadi leo nikiponda mchaichai, harufu yake ikipanda tu, najikuta nauma meno kwa hasira. Sikufichi, msomaji wangu: kuku yule alinishinda.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Mtunda. Bibi mzaa mama alikuwa na sukari, na kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Nesi wa Kibiti akasema wali basi, ugali basi, muhogo basi. Ale nyama na majani, la sivyo kidole kitakatwa. Mama alishinda shambani, kwa hiyo jiko likawa langu.

Nikamkata jogoo vipande kumi na viwili. Nikahesabu tena: kumi na viwili. Nikavigeuzageuza kwenye mafuta kidogo mpaka ngozi ikapata rangi, nikatia tangawizi, vitunguu swaumu, mchaichai na fungu la kivumbasi, maji kikombe kimoja, kisha kifuniko na makaa mawili matatu juu yake. Jogoo wa kienyeji ana kiburi. Alikula mchana mzima ndipo akalainika. Jirani akauliza kutoka uani kwake kama tunaozesha mtu.

Nikamwandalia bibi mkekani, pamoja nasi wajukuu watano wenye sinia letu la wali. Akalitazama bakuli.

"Mke mwenzangu, chakula kiko wapi?"

"Ndicho hicho, bibi."

"Hiki kitoweo. Nipe matonge matano ya wali."

"Hata moja."

"Matatu basi, na mpunga wenyewe nimelima mie."

"Nesi kakataza."

"Nesi kalima wapi?"

Sikushuka bei. Nikaenda kuchota maji ya kunywa nikijiona mshindi. Kurudi, bakulini vimebaki vipande viwili. Kumi viko juu ya wali wetu, viwili viwili, mgawo wa haki kabisa, naye anatafuna wali wa pembeni mwa sinia.

Ikawa hivyo kwa majogoo saba. Nilibadili majani, nikaongeza ndimu, nikanuna, nikafoka, mwisho nikalia.

"Bibi, kwani hutaki kupona?"

"Nataka, mjukuu wangu. Ila haishuki."

Nikadhani anasema upishi wangu mbaya. Kidole kilikatwa kabla ya mavuno.

Juzijuzi mwanangu alichomoa paja sufuriani akalitafuna kavu, na mkono wangu ukamchapa kabla sijafikiri. "Kitoweo hakiliwi kitupu, mlafi we!" Sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi. Ndiye aliyetuchapa hivyo sote watano, tangu tulipoota meno. Halafu mimi nikamkalisha mbele ya haohao aliowachapa, nikamwambia ale kitoweo kitupu, bakuli zima, peke yake, na tumtazame.

Siku zote zile nilimkodolea macho kama askari wa zamu. Sikuwahi hata mara moja kulisukuma sinia pembeni, nikachukua kipande bila wali, nikaanza mimi.