Lambo Lililomeza Udongo wa Mama

Harufu ya vyungu vinavyochomwa kwa mavi makavu ya ng'ombe haijanitoka puani hadi leo. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kila kiangazi alivipanga vyungu vyake nyuma ya nyumba, akavifunika kwa mavi makavu na mabua ya mtama, akatia moto, kisha akakaa kando bila kutaka kusemeshwa na mtu. Moshi ule ulikuwa mzito, na uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Watoto wenzangu walinitania kwamba nanuka chungu, na hawakusema uongo. Udongo wake aliuchimba mahali pamoja tu, shimo lililokuwa nyuma ya kichuguu mpakani mwa shamba letu. Aliachiwa na bibi mzaa baba, naye bibi aliachiwa na mama mkwe wake. Baba alikuwa na ng'ombe wake, mama alikuwa na shimo lake, na hakuna aliyeingilia mali ya mwenzake.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Samuye, nchi ya wakulima na wafugaji, tambarare, yenye mbuga nyeusi ambayo masika hukunasa miguu na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Maji ndiyo yaliyokuwa taabu yetu. Kuanzia mwezi wa saba mto ulibaki mchanga mtupu, tukawa tunachimba visima humo humo mchangani na kukaa tukingoja maji yajikusanye, kibuyu kimoja baada ya kingine. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa nyumbani, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilitoka alfajiri, nikarudi jua likiwa limeshapanda, na wakati huo watoto wa shule walikuwa darasani zamani. Nilikuwa nikiwasikia wakiimba herufi nikipita na mtungi kichwani, nami niliimba nao njiani kimoyomoyo, bila kujua hizo herufi zina sura gani. Nilitaka shule kuliko nilivyotaka chakula, nami nilikuwa mlafi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini ikaletwa habari kwamba tutajengewa lambo, bwawa la kukinga maji ya mvua. Nasema tutajengewa kwa sababu ndivyo tulivyodhani. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alirudi kutoka kwa mtemi akatueleza mambo yalivyo. Hazina ya utemi, ambayo ilipata fungu lake kwenye pamba yetu sote, ingetoa mpimaji, makarai, saruji ya mahali pa kupunguzia maji, na hapo basi. Mikono ingekuwa yetu. Kila nyumba itoe mtu kila siku ya kazi, na nyumba itakayokwepa itatozwa mbuzi, aliwe na wanaochimba. Wapo walionung'unika kwamba pamba ni yetu na jasho nalo liwe letu. Baba hakunung'unika. Jioni hiyo alinitazama nikitua mtungi, akamwambia mama kwamba lambo likijaa, Kabula ataandikishwa shule. Siku iliyofuata mama alikuwa wa kwanza kufika bondeni.

Mpimaji alikuja na kamba na vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, akavichomeka, akatuonyesha kina cha kuchimba: kifuani mwa mtu mzima, hapo tuache. Kisha akaenda zake kupima vijiji vingine. Mwanangwa alikuwa mjanja. Alijua kijiji chetu kina makundi mawili ya ngoma yasiyopikika chungu kimoja, moja likiongozwa na baba, la pili likiongozwa na mjomba Shija, kaka yake mama. Akavuta kamba ya katani katikati ya bonde, upande huu baba, upande ule mjomba, na kila upande na ngoma yake. Basi, hapo kazi ikawa kama sherehe. Majembe yalipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, wanaume wakiyarusha hewani na kuyadaka, na wimbo ukiwakejeli wa upande wa pili kwamba wanakuna ardhi kama kuku. Udongo uliburutwa kwa ngozi za ng'ombe hadi kwenye tuta, na wanawake wakabeba mwingine kwa makarai. Nilimwona baba akicheza na jembe lake, mgongo unang'aa, nikajua baba yangu ndiye mwanamume kuliko wote duniani. Mwenyewe pia alikuwa anajua.

Ndipo ujinga wetu ulipoingia. Upande wa mjomba ulipofika kifuani, baba na wenzake walikuwa wameshafika mabegani, na hakuna aliyekumbuka kijiti chekundu kilikwenda wapi. Kuacha kuchimba kulionekana kama kushindwa. Mama alikuwa kwenye mstari wa makarai. Siku moja aliliweka chini karai lake, akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole, akaweka chembe kwenye ulimi. Aliushuka ukingo hadi alipokuwa baba, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba udongo umebadilika, kwamba wameshapita tabaka linaloshika maji na sasa wako kwenye changarawe. Wanaume walikuwa wanamtazama baba. Mjomba Shija naye, ng'ambo ya kamba, alikuwa anamtazama.

"Mama Kabula," baba akasema, "vyungu ni vyako. Lambo ni letu."

Watu wakacheka. Mama akapanda ukingo, akalichukua karai lake, akaendelea kubeba. Kwa siku tatu nyumbani kwetu baba alipewa chakula chake na kila alichohitaji, ila neno hakupewa.

Mvua za kwanza zilishuka mwezi wa kumi na moja. Maji yalijaa bondeni, mekundu, yenye povu, na kijiji kizima kikatoka kwenda kuyatazama. Nilichomeka kijiti changu ukingoni, maji yalipoishia. Nilijua shule inafunguliwa Januari, na kila asubuhi nilikimbilia kijiti changu kabla hata ya kunawa uso. Siku ya pili maji yalikuwa yamerudi nyuma kwa shibiri. Siku ya nne kijiti kilisimama peke yake juu ya matope. Siku ya nane upande wa mjomba palibaki kidimbwi, na upande wa baba palikuwa pakavu kabisa. Niliketi pale ukingoni nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Sikuyalilia maji.

Kijijini maneno yakaanza. Upande wa baba ulisema upande wa mjomba umetutupia dawa, maana iweje kwao pabaki dimbwi na kwetu pakauke? Palikuwa na watu waliokwisha kutengeneza fimbo zao. Mwanangwa akaita mkutano pale pale bondeni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika kanga yake. Baba alisimama, na nilivyomjua, nilitarajia angeunguruma. Badala yake alivua kofia.

"Hakuna dawa," alisema. "Ni mimi. Mama Kabula aliniambia tumepita udongo, nikamcheka mbele yenu. Sasa namwuliza mbele yenu. Tufanyeje?"

Nimeishi miaka mingi, nimeona wakubwa wakisimama kwenye majukwaa. Sijasikia tena mwanamume akisema maneno yale.

 Mama akaeleza kwamba penye tundu pazibwe kwa udongo wa mfinyanzi, utandazwe unene wa mkono, uloweshwe, ukanyagwe na ng'ombe mpaka ulainike kama unavyolainishwa kabla ya kufinyanga. Mwanangwa akauliza udongo mwingi kiasi hicho utatoka wapi. Kila mtu pale alijua jibu. Nikasikia kanga ikikaza mkononi mwangu, mama alikuwa ameivuta upande wake.

"Nyuma ya kichuguu," akasema. "Lakini mchimbe wote mpaka chini. Msiniachie kidogo cha kunisumbua roho."

Walichimba siku sita. Kamba ya katani ilifunguliwa, ikatumika kufungia ngozi za kuburutia. Udongo ule wa kijivu, laini kama ugali wa ulezi, ulitoka shambani kwetu hadi bondeni, na shimo la wake wa ukoo wetu likabaki tundu la kutupia takataka. Siku ya saba waliletwa ng'ombe, wa baba, wa mjomba, wa mwanangwa, wa kila mwenye zizi, wakaingizwa lamboni na kuzungushwa kutwa nzima. Mama alisimama katikati, matope magotini, fimbo mkononi, akiamuru: hapa bado, rudisheni, pale pamekauka, leteni maji. Alimchapa mjomba Shija mguuni kwa kupitisha ng'ombe upesi mno, na mjomba akasema samahani. Baba aliamriwa kuliko wote. Alitii, na nilipomtazama usoni niliona anatabasamu peke yake.

Mvua kubwa zilikuja mwishoni mwa Januari. Nilichomeka kijiti changu. Siku ya pili kilikuwa majini, siku ya nane kilikuwa majini. Siku ya tisa baba alinishika mkono, tukaenda shuleni, mimi nikiwa nimechelewa wiki kadhaa na nimevaa gauni lililonuka moshi wa vyungu. Nilimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniandika. Watoto walinipisha kwenye gogo la mbele.

Leo nakaa Ngokolo, mjini Shinyanga, na maji ya Ziwa yananijia kwa bomba mpaka uani. Sitaki kuwadanganya wajukuu kwamba ya zamani yalikuwa mema yote. Katika lambo lile tulikunywa pamoja na ng'ombe, na wengi wetu, mimi nikiwemo, lilitupa kichocho. Maji haya ya bomba ni bora mara elfu, na ninawashukuru waliochimba mtaro wake bila hata kuwajua majina. Ila siku yalipofunguliwa, wageni walikata utepe, wakapigiwa makofi, kibao kikabandikwa, nasi tuliokuwa tukingoja tulikuwa hatujaombwa chochote zaidi ya kukaa kwenye viti. Niliona aibu kidogo, nikiwa nimekaa pale na mikono mitupu.

Mama hakupata tena udongo mzuri. Alijaribu wa mtoni, vyungu vikapasuka motoni, na baada ya miaka miwili aliacha kabisa. Moshi ukaisha nyuma ya nyumba yetu. Nikiwa mwalimu tayari, nilirudi likizo moja tukaenda wote lamboni kuchota, nikamwuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza, kama huwa analikumbuka shimo lake kwa uchungu. Alijaza ndoo yake kwanza. Kisha akayatazama maji, yalivyotulia hadi ng'ambo, na ng'ombe wa watu wakinywa.

"Vyungu vingine vyote vilivunjika," akasema. "Hiki bado kinashika maji."

Akajitwika ndoo, akatangulia.