Pumzi za Saa Nane Mchana

Kwenye karakana ile hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Filimbi tu, kwa sababu kifua chake kilipiga mluzi kila alasiri, na mafundi hawaachi jina zuri lipite hivi hivi. Alikuwa seremala wa miaka arobaini na minane, bingwa wa viungo: pembe za droo, miguu ya meza, fremu za milango. Kiungo alichokichonga kwa patasi hakikuhitaji msumari, na hilo hata wabaya wake walilikubali.

Wabaya wake, kusema kweli, walikuwa mmoja: shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenye karakana. Ugomvi wao ulikuwa msasa. Asubuhi mafundi walipima na kuchonga. Baada ya chakula cha mchana mashine za msasa ziliwashwa na kila mtu akasugua kazi yake mpaka jioni. Vumbi lilijaa hadi vijana wakatoka na mvi. Filimbi alisugua robo saa, akatoka nje, akashika ukuta, akakohoa, akarudi, akatoka tena. Miaka sita mambo yalikwenda hivyo. Dawa za kikohozi alikunywa za kila rangi, na zote zilikuwa tamu, basi.

"Asubuhi mzima, mchana hoi," shemeji alisema mbele ya watu. "Ugonjwa gani huo unaosubiri watu washibe?"

Watu walicheka. Filimbi naye alicheka, maana angefanya nini?

Siku moja shemeji alichoka kutania. Alizima mashine yake na kumwambia, "Nenda hospitali, shemeji, uniletee karatasi. Ikisema mgonjwa, mimi nitafunga mdomo. Ikisema mzima, basi ni msasa au ni mlango ule pale. Dada yangu atanisamehe."

Filimbi alikwenda Jumatatu asubuhi, amepumzika Jumapili nzima, ameoga, shati limepigwa pasi. Alipelekwa chumba cha kupimia pumzi, kwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki. Mama yule alimbana pua kwa kibanio, akampa bomba la mashine na kuanza kumpigia kelele.

"Vuta, vuta, vuta! Haya toa! Toa yote, toa, toa, usinibanie, baba, bado ipo!"

Alimpulizisha mara tatu. Mashine ikachora mstari wake, mama akautazama na kusema pumzi ni za kawaida. Filimbi, ambaye tangu shuleni kila akifaulu hushukuru, alimshika mkono akamshukuru sana. Alikuwa ameshafika nusu ya korido ndipo alipoelewa kwamba mtihani huu alitakiwa aufeli.

Akarudi. "Mama, karatasi hii itanifukuzisha kazi."

Mama wa mashine alimsikiliza hadithi yote ya msasa, kisha akasema, "Pumu haikai kifuani saa zote. Nimekupima umepumzika, nimeona kifua kilichopumzika. Hii karatasi haithibitishi kwamba huna pumu, na sitaandika hivyo." Akafungua kabati, akampa kibomba cha plastiki chenye mshale unaosukumwa na pumzi kwenye mstari wa namba. Usimame wima, uvute pumzi mpaka mwisho, upulize kwa kishindo mara tatu, uandike namba iliyo kubwa. Mara mbili kila siku, wiki mbili. Juu ya kadi akaandika: *Saa 2 na saa 2.*

Miwani ya Filimbi ilikuwa imevunjika, akawa haoni ila namba kubwa za kibomba, kwa hiyo kadi aliisoma mkewe. Mke alikuwa anafunga mizigo kwenda kumwuguza binti yao aliyejifungua, na akili yake ilikuwa kwa mjukuu. Alichukua simu, akaona kwenye kadi 2 na 2, akaweka kengele 2:00 na 2:00, akaondoka na gari la mchana.

Simu, kama kila mtu ajuavyo, haihesabu saa kama sisi. Saa mbili yake ni saa nane yetu. Kengele ililia saa nane mchana, katikati ya msasa, na ikalia tena saa nane usiku. Filimbi hakuuliza. Hospitali ndio watu wanaomwamsha mgonjwa usingizini wampe dawa ya usingizi. Wakisema saa nane, ni saa nane. Kila mchana simu ilipolia aliweka mbao chini, akatoka, akapuliza mara tatu, akaandika. Shemeji, aliyekubali kungoja karatasi ya mwisho, aliangalia saa yake kila mara, jambo lililomtisha Filimbi kuliko matusi.

Wiki mbili zilipokwisha, mama wa mashine alisoma kadi akakunja uso. Safu ya kwanza ilisema 290, 300, 280. Katikati zilikuwapo siku tatu za 420, 430, 440. Halafu tena 290.

"Asubuhi unaamka na pumzi ndogo hivi?"

"Asubuhi sina neno, mama. Hizo ni za mchana, saa nane. Kama mlivyosema."

"Nani kasema saa nane?"

Walilipeleleza jambo mpaka wakaifikia simu. Mama wa mashine alicheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla. "Na siku hizi tatu za juu?"

"Umeme ulikatika. Karakana ilifungwa."

Kama angepuliza saa mbili asubuhi, kabla ya vumbi, pengine asingeonyesha lolote. Sasa alipewa kadi mpya: mara nne kwa siku, siku za kazi na siku za kukaa nyumbani. Mwezi ulipoisha, aliitwa kwenye mashine alasiri, akitoka moja kwa moja kazini, vumbi likiwa bado shingoni. Alipuliza, akavuta dawa ya pampu, akasubiri dakika kumi na tano, akapuliza tena. Mistari miwili ilitofautiana kiasi kwamba hata yeye bila miwani aliiona. Ilikuwa pumu, na aliyeiamsha kila siku ni vumbi la mbao.

Daktari alimpa pampu ya kutumia kila siku na maelezo ya namba: ikishuka chini ya hapa ongeza dawa, ikishuka chini ya hapa njoo upesi. Akamwambia pia kwamba dawa peke yake haitatosha. Akibaki ndani ya vumbi lile, iko siku namba hazitapanda tena hata umeme ukikatika.

Shemeji aliisoma karatasi akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akavuta kiti, jambo ambalo hakulifanya saa za kazi.

"Basi msasa hutashika tena," alisema. "Utakaa kule kona na viungo vyako."

"Vumbi linafika kona."

"Nitaweka feni."

"Shemeji, daktari kasema nitoke."

Shemeji alianza kutaja madirisha ya kuongeza, barakoa, pazia la turubai. Yeye aliyekuwa anamwonyesha mlango sasa alikuwa anauziba. Filimbi alimwacha amalize, kisha akaanza kuokota patasi zake moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa, na machozi yakamtoka mbele ya mafundi wote.

"Usilie, bwana," shemeji alisema. "Nilikukosea. Nilidhani ni uvivu."

"Si wewe tu," Filimbi alisema. "Hata mimi nilishakubali kwamba ni uvivu."