Mwezi wa Nane wa Wilhelmina

Wilhelmina alikuwa na miezi kumi na moja, na huo mmoja uliobaki ulimnyima raha.

Miezi yenyewe ilikuwa kurasa za kalenda, za ngozi, kubwa kama sinia la chai, kutoka kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono huko Ulaya, kabla mashine za kuchapa hazijajulikana. Padre mmoja mzee, Mzungu, alikufa akakiacha kimekatika uzi, na waumini wakagawana kurasa ziwe ukumbusho. Kila mwezi ulikuwa na majina ya watakatifu wake, na chini picha za rangi za watu wakifanya kazi za msimu: wanalima, wanavuna, wanachinja nguruwe.

Wilhelmina alichora vitenge kiwandani miaka kumi na minane, mpaka mwaka 1993 walipompunguza. Bluu kama ya ukurasa aliogawiwa yeye hakuwahi kuiona. Akaanza kuzunguka kutafuta kurasa nyingine. Mwezi wa pili aliukuta Kiseke, umefunika kibuyu cha maziwa. Wa sita ulikuwa Mkuyuni, ndani ya kopo la ndoana. Mumewe alimwuliza kama kalenda ya ukutani imemshinda kusoma.

Wa nane akaambiwa uko Mkolani, kwa Ndalahwa, mpiga ngoma wa kwaya. Alikwenda mara tatu bure. Mara yuko shamba, mara yuko msibani. Ya nne akamkuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefuata ile ngozi ya padre."

"Ipo, tena iko salama." Akaingia ndani, akatoka na ngoma ndogo. "Ya ndama hiyo. Nililoweka siku mbili, nikakwangua uchafu pande zote, nikaiwamba. Sikia."

Akaigonga kwa vidole. Ikalia vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi Wilhelmina zaidi.

"Uchafu gani, Ndalahwa?"

"Si yale marangi? Ngozi yenye rangi hailii, mama. Hawa Wazungu nao, ngozi nzuri hivi wanaichafua kwa wino."

Wilhelmina aliielekeza ngoma juani, akatafuta hata kidoa cha bluu. Ilikuwa nyeupe tupu.

"Kulikuwa na picha gani?"

"Watu wanapura nafaka kwa fimbo, kama sisi na mtama. Mmoja kasimama pembeni anajifuta jasho."

"Mwanamke au mwanamume?"

Ndalahwa akafikiri kweli kweli, akitaka kumsaidia.

"Sikuangalia, mama. Nilikuwa nakwangua."