Kifaa cha kupima hewa Ibra kilivyotaka kumhamisha Bi Zuwena

Wakuu, salamu kutoka Ibra, Oman. Haya sikuhadithiwa, nimeyaona kwa macho yangu, na chumvi sitii.

Mimi ni Mtanga, nafanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kizanzibari, Bi Zuwena. Unguja aliondoka msichana, lakini Kiswahili chake hadi leo kinanipiga chenga. Nampenda kama mama, japo kichwa kigumu anacho.

Nyumba yetu iko mtaa wa makazi, jirani na barabara ya malori. Bibi akaanza kukohoa.

Mwanawe Nasser, anaishi Muscat, akaja na kifaa cha kupima hewa ya nje. Akakifunga ukutani uani na kukiunganisha na app. Kijani hewa safi, nyekundu hewa mbaya. Akasema wiki mbili kikisoma vibaya, Mama anahamia kwake ghorofani.

Bibi hakutaka hata kusikia. Nyumba hii alijenga na marehemu mumewe, na shoga zake wote wako hapa.

Mimi nami roho juu, maana kwa Nasser dada wa kazi yupo tayari.

Kazi ya kuandika rangi daftarini nikapewa mimi, na Nasser akawa anapiga simu kila jioni kuuliza. Asubuhi kijani. Mchana njano kidogo. Alasiri, wakuu, nyekundu kama pilipili. Kila siku. Nasser akashikilia ni malori.

Nikakaa nje kuyaangalia. Alasiri ndiyo yanapungua! Nikachanganyikiwa.

Siku ya sita Bibi akaenda arusini Bidbid, akalala huko. Alasiri ile kijani mwanzo mwisho, na malori yamepita kama kawaida.

Aliporudi nikamvizia. Nikamkuta uani ameshika chetezo chini ya kifaa, moshi wa ubani umekimeza chote, naye anaupepea kwa mtandio huku anakohoa.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nakifukiza, mwanangu. Si kinanusa hewa? Basi nakipa hewa nzuri, kimwambie Nasser hapa pazuri."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe bibi wa watu anajihamisha mwenyewe.

(Wasioijua Oman: hapa ubani wa alasiri ni ada, nyumba isiyofukizwa wanaiona chafu. Ila yeye tangu kifaa kije alikuwa anatia maradufu.)

Nilipomweleza, haya zikamshika. Akaniomba nisimwambie Nasser. Nikamwambia nikificha, utahama. Akawaza, kisha akachukua simu akamwambia mwenyewe.

Nasser akaja kukihamishia darini, juu ya paa, wiki mbili zikaanza upya, ubani ukapumzishwa. Siku ya upepo wa vumbi kilisoma vibaya, malori nayo yana yao, sikatai. Lakini siku nyingi kijani, na kikohozi kikapungua sana. Nasser akakubali Mama abaki. Nilifurahi mpaka nikapika biriani.

Alipopanda kukifungua aondoke nacho, Bibi akamzuia.

"Kiache, baba. Kabla ya hicho ulikuwa hupigi simu ila Idi."

Nasser akashuka mikono mitupu.

Funzo nililopata: ukipima hewa ya mtaa, usilaumu barabara kabla hujaangalia unachochoma mwenyewe. La pili Bibi ameshalisema.

Nani mwingine ameshapima hewa ya kwao akaumbuka? Tiririkeni, ila kwanza mpigieni mama simu.